Gini au sovereni: ipi uanze nayo?

Anayeanza kukusanya sarafu za kale za dhahabu za Uingereza hakai sana kabla ya kufika njia panda. Upande mmoja kuna gini, sarafu iliyoanza kuchapwa 1663. Upande wa pili kuna sovereni, ile ambayo wazee wengi wa Pwani na wa Omani wanaiita tu pauni ya dhahabu, iliyochukua nafasi ya gini 1817. Kwa wengi wetu akiba inatosha kununua moja, si zote mbili, na muuzaji atakuambia kila aliyonayo ni nzuri. Nazipenda zote, lakini hazimfai mtu wa aina moja, na anayeijua tofauti yake hununua kwa utulivu.

Tuanze na mizani. Zote mbili ni za karati 22, yaani sehemu 11 za dhahabu na sehemu 1 ya madini mengine. Gini ina gramu 8.4 hivi, sovereni ina gramu 7.988. Upungufu huo ulipigiwa hesabu. Gini ilihesabiwa shilingi 21 na sovereni ikapangiwa shilingi 20, yaani pauni moja kamili. Chukua uzito halali wa gini, ugawe kwa 21, zidisha kwa 20, na utapata uzito wa sovereni sawasawa. Sheria ya 1816 iliyoleta sarafu mpya haikupunguza hata chembe ya dhahabu iliyokuwa nyuma ya kila shilingi. Iliondoa tu ile shilingi moja iliyokuwa ikivuruga hesabu za wafanyabiashara. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba gini ni "dhahabu bora zaidi". Dhahabu ni ile ile. Unacholipia zaidi kwenye gini ni umri, uchache na historia.

Gini: sarafu iliyotoka Afrika

Historia hiyo inatuhusu. Gini ilianza chini ya Mfalme Charles wa Pili, ikiwa sarafu ya kwanza ya dhahabu ya Kiingereza kuchapwa kwa mashine kama jambo la kawaida. Kabla yake mafundi walikuwa wakigonga kwa nyundo, na sarafu mbili hazikufanana. Jina lake lilitokana na pwani ya Gini, Afrika Magharibi, kwa sababu sehemu ya dhahabu yake ililetwa na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikifanya biashara huko, hasa kwenye pwani ambayo leo ni ya Ghana. Kampuni hiyo, iliyojulikana kuanzia 1672 kama Royal African Company, iliongozwa na James, ndugu wa mfalme, ambaye baadaye alitawala mwenyewe. Dhahabu yake ilitambulishwa kwa alama: tembo mdogo chini ya kichwa cha mfalme, au tembo aliyebeba ngome mgongoni. Alama hiyo iliendelea kutokea katika baadhi ya miaka hadi zama za George wa Kwanza.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyosafirisha maelfu kwa maelfu ya Waafrika hadi visiwa vya Karibi na Amerika, wakiwa wamechomwa alama za kampuni miilini. Ukiishika gini yenye tembo, umeshika hati ya biashara hiyo, ndogo kuliko kifungo cha koti. Kuna wakusanyaji wanaoikwepa kwa sababu hiyo, na nawaheshimu. Mimi naona kinyume: sijui sarafu nyingine ya Ulaya inayokiri waziwazi hivi mali yake ilitoka wapi, na ningependa sarafu za aina hii ziwe nyingi zaidi mikononi mwa Waafrika wanaoweza kueleza maana ya yule tembo, badala ya kulala katika droo za watu wanaomwona kama pambo.

Alama hizo ndizo utamu wa gini kwa jumla. Malkia Anne ana gini za 1703 zilizoandikwa VIGO, kwa sababu dhahabu yake ilitekwa kwenye ghuba ya Vigo, Hispania, mwaka uliotangulia. George wa Pili ana zilizoandikwa EIC, za dhahabu iliyoletwa na Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na LIMA, za hazina ya Amerika Kusini iliyoporwa baharini. Ni kama orodha ya mali za watu wengine. Zenye alama hizo ni ghali, na baadhi ni ghali kupindukia.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wageni: gini ilipoanza ilikusudiwa kuwa shilingi 20, si 21. Lakini thamani ya dhahabu ikilinganishwa na madini ya fedha ilipanda na kushuka, na gini nayo ikapanda na kushuka sokoni. Katikati ya miaka ya 1690, sarafu za fedha za Uingereza zikiwa zimekatwa kingo hadi hazitamaniki, gini moja ilifika shilingi 30. Isaac Newton, yule yule wa mvutano wa dunia, ndiye aliyekuwa akisimamia kiwanda cha sarafu cha kifalme wakati bei ilipofungwa rasmi kwenye shilingi 21, Desemba 1717, baada ya ripoti yake. Hata bei hiyo iliipa dhahabu thamani kubwa kuliko ilivyostahili, hivyo madini ya fedha yakaendelea kuondoka nchini kwenda Uhindi na China, na Uingereza ikajikuta inaishi kwa dhahabu bila kuwa imepanga.

Kwa mnunuzi wa leo, mlango rahisi zaidi wa kuingilia ni gini ya George wa Tatu ya kati ya 1787 na 1799, inayoitwa gini ya jembe kwa sababu ngao iliyoko mgongoni, yaani upande wa nyuma wa sarafu, ina umbo la ubapa wa sepetu. Ilichapwa kwa wingi, na picha yake ni safi. Baada yake kuna gini ya kijeshi ya 1813, ya mwisho kabisa, ambayo kisa chake ni cha vita: jeshi la Wellington, jenerali wa Uingereza, lilikuwa kwenye milima ya Pyrenees, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, likipigana na Wafaransa, na wenyeji wa huko hawakutaka kuuza chakula kwa noti za benki. Uingereza yenyewe ilikuwa ikiishi kwa noti tangu 1797, lakini askari walihitaji dhahabu. Gini hiyo ni nzuri ila ni ya mwaka mmoja tu, kwa hiyo bei yake iko juu.

Sovereni: sarafu iliyosambaa dunia nzima

Sovereni haina ukongwe huo. Ndiyo, jina ni la zamani. Henry wa Saba alitoa sovereni ya kwanza 1489, sarafu kubwa ya kifahari ambayo mtu wa kawaida hataimudu leo. Ila ile tunayoizungumzia ilianza 1817, ikiwa na Mtakatifu George juu ya farasi akimuua joka, kazi ya fundi Mwitaliano Benedetto Pistrucci. Picha hiyo bado inatumika leo, na kwa uzuri sijaona ya kuipita kwenye sarafu ndogo ya milimita 22.

Nguvu ya sovereni iko kwenye upana wa safari zake. Haikuchapwa London pekee. Sydney ilianza 1855, Melbourne 1872, Perth 1899, Ottawa 1908, Bombay ikachapa mwaka mmoja tu, 1918, na Pretoria ikachapa kuanzia 1923 hadi 1932. Kila kiwanda kina herufi yake: S, M, P, C, I, na SA kwa Pretoria. Kwa sovereni za Mtakatifu George, itafute juu ya tarehe, kwenye udongo anaposimama farasi, isipokuwa zile zenye kichwa cha ujana cha Malkia Victoria, ambako iko chini ya kichwa. Kwa zile za zama za Victoria zenye ngao badala ya Mtakatifu George, iko chini ya ngao. London haina herufi. Ukiwa na kioo cha kukuzia na subira kidogo, sovereni ishirini zinazoonekana sawa kwa sonara zinakuwa sarafu ishirini tofauti.

Hapo ndipo sovereni inapoishinda gini kama mkusanyo. Mtu wa kipato cha kati anaweza kujipangia lengo linalofikika. Anaweza kutafuta vichwa vyote vya Malkia Victoria: kichwa cha ujana, kisha kile cha jubilei cha 1887 chenye taji dogo ambacho wengi hawakukipenda, kisha kichwa cha uzee chenye ushungi cha kuanzia 1893. Anaweza kutafuta moja kutoka kila kiwanda. Anaweza hata kufuata zile namba ndogo zilizowekwa chini ya ngao kati ya 1863 na 1874 kuonyesha muhuri wa kuchapia uliotumika. Ukijaribu kufanya hivyo kwa gini, utauza shamba.

Tahadhari moja: wingi wa sovereni unaficha miiba. Sovereni ya 1819 ni adimu mno. Ya London ya 1917 ni adimu, na kwa hiyo ni moja ya tarehe zinazoghushiwa zaidi, ilhali ya 1917 ya Perth au Sydney ni ya kawaida kabisa. Za Pretoria za 1923 na 1924 ni chache sana, lakini za 1925 na kuendelea utazipata bila shida. Usilipie tarehe ya adimu bila cheti cha kampuni huru ya kupima sarafu, kama NGC au PCGS. Na kama umewahi kusikia sovereni iliyouzwa pauni milioni 1, habari hiyo ni ya kweli: ni ya majaribio ya Edward wa Nane, aliyeng'atuka Desemba 1936 kabla sarafu zake hazijatolewa, na iliuzwa 2020.

Upande wa Afrika Mashariki

Gini haikuwahi kuwa sarafu ya soko huku kwetu. Sovereni ilikuwa. Utawala wa Waingereza ulipopanga fedha zake Kenya na Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, rupia ndiyo iliyotumika, na sovereni ikakubaliwa kisheria kwa rupia 15. Hesabu hiyo ilitoka Uhindi. Wajerumani nao, walipobanwa na vita Tabora 1916 bila njia ya kuleta fedha kutoka kwao, walichapa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Naitaja kwa sababu watu huichanganya na za Waingereza: ile ya Tabora ina dhahabu pungufu, karati 18, lakini wakusanyaji wanailipia vizuri kuliko sovereni yoyote ya kawaida. Ukiikuta kwenye kasha la bibi, usiipeleke kwa sonara aiyeyushe.

Ghuba nako sovereni ilipendwa. Katika vita vya kwanza vya dunia, dhahabu ambayo Waingereza waliwapa Waarabu waliowaasi Waturuki ilikwenda kwa mifuko ya sovereni. Kwa watu waliozoea kuhamisha mali yao mwilini, sarafu yenye uzito unaojulikana kila bandari ilikuwa benki. Ndiyo maana nyingi zilitiwa kitanzi zikawa vidani na mikufu ya maharusi.

Hilo lina bei yake. Sarafu iliyochomelewa kitanzi, hata kama kitanzi kimetolewa kwa ustadi, huacha kovu ukingoni, kwa kawaida juu ya kichwa cha mfalme au chini yake, na mkusanyaji ataihesabu kama dhahabu tu. Kama ni urithi wa nyumbani, iache na kitanzi chake; thamani yake iko kwenye ukoo. Kama unanunua kwa ajili ya mkusanyo, izungushe ukingo wote chini ya taa kabla hujatoa pesa. Na ya urithi au ya kununua, usiisugue kwa dawa ya meno, majivu wala kitambaa cha kung'arisha. Wanunuzi wa sarafu huiona mikwaruzo hiyo kwa jicho la kwanza, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha ngozi ya zamani.

Mitego

Kila sarafu ina matapeli wake.

Kwa gini, mtego wa kwanza ni wa shaba. Waingereza wa karne ya 19 walitengeneza vipande vya kuchezea karata vinavyofanana na gini ya jembe, vikiwa na kichwa cha George wa Tatu na tarehe za miaka ya 1780 na 1790. Vingi vina maandishi ya Kiingereza mgongoni, IN MEMORY OF THE GOOD OLD DAYS. Gini halisi haina sentensi ya Kiingereza hata moja. Ina vifupisho vya Kilatini vya vyeo vya mfalme. Vipande hivyo huuzwa mtandaoni kila siku kama "gini ya kale", na uzito wake ni mdogo sana kuliko gramu 8.

Mtego wa pili ni gini halisi iliyonyolewa. Kukata kingo za sarafu kulihesabiwa uhaini, na bado watu walikata. Katika bonde la Cragg Vale, Yorkshire, genge zima lilikuwa likikwangua gini, likizirudishia mistari ya ukingoni kwa tupa, na kutumia unga wa dhahabu uliopatikana kughushi sarafu za Kireno zilizokuwa zikipokelewa huko. Kiongozi wao, David Hartley, alinyongwa mjini York 1770. Serikali ililazimika kuziita gini nyepesi zirudi katika miaka ya 1770. Kwa hiyo gini yenye gramu 8.1 si lazima iwe ya bandia. Huenda imechakaa au imepitia mikono ya watu kama Hartley. Lakini isilipiwe kama nzima. Angalia pia matundu yaliyozibwa: weka sarafu ikiegemea mwanga, na sehemu iliyozibwa itaonyesha rangi au mchoro uliolala.

Kwa sovereni mtego ni wa ajabu zaidi, kwa sababu bandia nyingi ni za dhahabu ya kweli. Katikati ya karne ya 20 sovereni iliuzwa Mashariki ya Kati kwa bei iliyopita dhahabu yake, na warsha za huko, hasa Lebanoni, pamoja na za Italia, zikaona faida ya kutengeneza zao. Uingereza ilirudi kuchapa sovereni 1957, na moja ya sababu ilikuwa kuwabana waghushi hao. Bandia ya namna hii itapita kwa sonara bila tatizo: karati iko sawa, uzito uko karibu. Utaitambua kwa herufi nene zisizo na ncha kali, vijipele kwenye sehemu tupu, na nywele za mfalme zilizofifia huku sarafu yenyewe haionyeshi uchakavu. Kwa mtu anayetaka dhahabu tu si hasara kubwa. Kwa mkusanyaji ni hasara tupu.

Nyumbani, nunua mizani ya kupima hadi sehemu ya mia ya gramu na kipimo cha kipenyo. Sovereni nzima ina milimita 22.05, na zamani sheria iliikubali hadi gramu 7.94 kabla ya kuikataa kwa wepesi. Kisha ifunge kwa uzi, izamishe kwenye kikombe cha maji kilichowekwa juu ya mizani iliyosomwa sifuri, bila kugusa chini. Mizani itaonyesha kama gramu 0.45. Kwa gini itakuwa kama 0.47. Ikisoma 0.6 au zaidi, hiyo si karati 22.

Siku ya kuuza

Hili wengi hawalifikirii siku ya kununua. Kariakoo, Mkunazini, Mombasa au Muscat, sonara akipewa sovereni ataijua au atapima na kukupa bei iliyo karibu na dhahabu yake. Kwa kuwa sovereni ya kawaida uliinunua juu kidogo tu ya bei ya dhahabu, hutaumia. Gini kwake ni dhahabu ya gramu nane, basi. Ile ziada uliyolipa kwa ajili ya jembe au tembo itarudi tu ukimpata mnunuzi anayejua, na huyo yumo zaidi kwenye minada ya London, ambako kuna ada ya mnada na safari ya sarafu. Anayeweza kuhitaji pesa ndani ya wiki moja asinunue gini.

Kwa ndugu wanaoishi Uingereza kuna jambo la kodi. Sovereni za kuanzia 1837 hazitozwi kodi ya faida ya mali wakati wa kuuza, kwa kuwa ni fedha halali ya nchi hiyo. Tena dhahabu ya uwekezaji isiyotozwa kodi ya ongezeko la thamani huanzia kwenye sarafu zilizochapwa baada ya 1800. Karibu gini zote zinaanguka nje ya mstari huo. Huku kwetu, kabla ya kuvuka mpaka na dhahabu ya aina yoyote, waulize forodha na ubaki na risiti.

Mimi ningenunua nini

Ningeanza na sovereni ya Pretoria ya 1925 hadi 1932. Haina ziada kubwa ya bei, hali yake mara nyingi ni nzuri kwa sababu ilizunguka kidogo, na dhahabu yake ilichimbwa na Waafrika chini ya ardhi ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Ya pili ningechukua ya Bombay ya 1918, kwa ajili ya bahari yetu. Ningeyafunza macho yangu kwa hizo mbili, nizishike, nizipime, nizijue hadi bandia inisumbue nikiiona.

Gini ningeiacha isubiri, kisha ningenunua moja tu, yenye tembo, na nisingehangaika na hali nzuri. Gini za tembo zilizochakaa hushuka bei sana, na maadamu tembo anaonekana wazi na ukingo haujanyolewa, uchakavu si aibu. Ningemtaka muuzaji aliye kwenye chama cha wauza sarafu, risiti yenye maelezo kamili, na haki ya kurudisha.

Ambaye hawezi kungoja hivyo ila moyo wake uko kwenye gini, kuna theluthi ya gini ya 1797 hadi 1813. Ilikuwa ya shilingi 7, ina gramu 2.8, na bei yake mara nyingi iko chini ya sovereni. Ni ndogo, kwa hiyo kagua matundu na vitanzi kwa makini zaidi, maana nyingi zilivaliwa.